Maji Yaliyosomwa Mbele ya Mwenge

Mwenge ukija kijijini, hata mawe huoga. Watu wa Mwagindulu walipaka chokaa mawe yote tangu njia panda ya kwenda Mwamapalala mpaka kiwanja cha shule, na chokaa ilipowaishia wakakoroga majivu, ilimradi kila kitu kiwe cheupe. Choo cha walimu, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na gunia mlangoni, kilipata mlango wa bati. Mbuzi walifungwa. Walevi waliombwa kwa adabu wakalewe mbali. Na Mwalimu Scola, ambaye sauti yake ilifika ng'ambo ya mto bila kipaza sauti, akapewa heshima ya kusoma risala ya utii.

Risala hiyo ni ahadi. Wananchi wa wilaya nzima humwambia Rais wao, kwa kinywa cha mtu mmoja, kwamba wanamtii, wanailinda nchi na umoja wake, na kwamba mwaka huu wamefanya hili na lile. Husomwa mbele ya Mwenge unaowaka, ikakunjwa, ikakabidhiwa kwa kiongozi wa mbio, naye akaondoka nayo. Scola alizijua ahadi tangu hajajua kusoma. Baba yake, marehemu Mwalimu Jeremia, alikuwa mwanafunzi wakati Mwenge ulipowashwa kwa mara ya kwanza, na alipokuja kuwa mwalimu aliwasimamisha watoto mstarini kila asubuhi waseme zile ahadi kumi za zamani. Aliyezisema huku anakuna miguu alirudia peke yake. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Scola na mdogo wake Kabula hawakuonja uji kabla ya kuzimaliza zote, na ile ya kusema kweli mzee aliwataka waiseme mara mbili.

Mwaka mmoja, hapo hapo Mwagindulu, Mwalimu Jeremia naye alipewa risala asome. Akakuta imeandikwa kwamba kijiji kimevuna pamba, na pamba yenyewe ilikuwa bado shambani ina maua. Akakataa. Wakampa mwingine akasoma vizuri tu, watu wakapiga makofi, na kabla ya mwezi kwisha Mwalimu Jeremia akahamishiwa shule ambayo hata barabara ilikuwa haijaifikia. Scola alikumbuka safari ile: mama yake mbele na Kabula mgongoni, na yeye nyuma na sufuria kichwani, akilia kwa sababu ya viatu. Watu husifu msimamo wa baba. Watoto ndio hutembea.

Sasa Scola alikuwa mtu mzima, mwalimu wa darasa la tatu, na mradi uliokuwa ukingojewa na Mwenge safari hii ulikuwa wa maji. Kisima kilikuwa kimeshachimbwa. Tangi kubwa lilikaa juu ya mnara wa zege karibu na shule, na chini yake bomba jipya linalong'aa. Kilichokosekana ni pampu. Pampu ilikuwa Mwanza. Kila aliyeiulizia aliambiwa iko Mwanza, kana kwamba ilikuwa imekwenda kusalimia ndugu.

Asubuhi ya siku ya Mwenge, Scola alipokuwa akienda shuleni, aliona trekta limesimama kwenye lambo. Lambo lile ni la ng'ombe. Ng'ombe wa vijiji vitatu huingia humo mpaka tumboni, wakanywa, wakajisaidia humo humo, wakatoka. Vijana wawili walikuwa wakivuta maji kwa mashine na kuyajaza kwenye tela lenye tangi. Alisimama akawatazama. Trekta likaondoka kuelekea kwenye mnara, likitiririsha maji ya kahawia njiani.

Alimkuta Salvatory, afisa mtendaji wa kijiji, anafunga bendera ndogo kwenye kamba.

"Ng'wangaluka, Mwalimu," Salvatory akamwahi.

"Mhola. Mtendaji, yale maji ya lambo yanakwenda wapi?"

"Yanapanda juu kidogo tu." Alicheka, lakini alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. "Pampu imekwama, Mwalimu. Mwenge haukwami. Kiongozi atafungua bomba, maji yatatoka, makofi yatapigwa, kisha mimi nafunga na kufuli yangu hii. Pampu ikija tunaosha tangi, tunaanza upya. Nani ataumia hapo?"

"Risala inasema maji safi na salama."

"Risala imeshapitishwa wilayani. Wewe umepewa kusoma, hukupewa kupima maji."

Scola alimkumbuka baba yake, na kwa kweli alizikumbuka zaidi zile sufuria. Siku moja tu, akajisemea. Bomba litafunguliwa, litafungwa. Akaenda kuvaa kitenge kipya.

Alisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma. Mwenge ulikuwa umesimama mbele yake mikononi mwa kijana mwenye sare, moto unayumba kwa upepo wa jioni, na kijiji kizima kimejaa kiwanjani mpaka juu ya kuta za madarasa. "Sisi wananchi wa wilaya hii tunaahidi utii wetu," akaanza, na watoto wakanyamaza. Alipofika mahali pa maji hakuyumba hata kidogo. "Wananchi wa Mwagindulu leo wanakunywa maji safi na salama, bombani, karibu na nyumba zao." Vigelegele vilipigwa. Mstari wa mbele kabisa alimwona Kabula, aliyeolewa pale pale kijijini, amembeba mwanawe Mayala begani ili amwone mama mkubwa. Mtoto huyo alizaliwa mwaka wa njaa akapewa jina la njaa hiyo, lakini alikuwa amenona, na alikuwa akimpungia Scola kwa mikono yote miwili.

Asubuhi yake msafara uliondoka na walioupokea wakapakiwa kuusindikiza mpaka mpakani mwa wilaya. Scola alipewa nafasi kwenye gari. Salvatory naye alipanda, na kufuli ilikuwa mfukoni mwake. Kwa shamrashamra za kuagana hakuna aliyekumbuka bomba. Baada ya mpakani kulikuwa na chakula mjini Bariadi kwa waliofanya kazi nzuri, na baada ya chakula Scola akabaki mtaa wa Somanda, hapo hapo mjini, kwa mwalimu mwenzake waliyesoma pamoja chuoni. Ilikuwa Ijumaa. Akaona apumzike.

Huku nyuma Mwagindulu walichota, maana tope lilikuwa limetuama tangini na maji yalionekana safi. Walichota kwa ndoo, kwa madumu, kwa sufuria za harusi. Mtu mmoja tu aliwakataza. Alikuwa Kwandu, mjane aliyeishi karibu na lambo na mbuzi wake wachache. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia maisha yake yote, na katika nchi ile macho mekundu ya bibi kizee ni mashtaka yanayongoja kesi. Alisimama bombani na fimbo yake akawaambia watoto, "Wajukuu, msinywe haya. Haya maji yana kifo ndani." Watoto wakacheka, mama mmoja akamsukuma pembeni apishe ndoo. Kabula alikuwa kwenye foleni hiyo. Wote walimsikia, na neno lile likawekwa akiba.

Jumamosi watoto wengi waliharisha. Wengine walipata nafuu. Mayala alizidi. Jumapili alfajiri Masunga, baba yake, alimfunga kwa kanga kifuani, akapanda bodaboda, akampigia simu shemeji yake kwamba wanakuja hospitali. Scola alitoka mbio bila kunawa uso, akasimama nje ya lango la hospitali. Bodaboda zilipita, moja baada ya nyingine, za wajawazito, za wazee, za mkate. Kila iliyotokea kwa mbali aliisogelea. Jua lilipopanda, simu ikalia tena. Masunga hakusema mengi. Alisema mwendesha bodaboda amezima injini mwenyewe, katikati ya barabara, bila kuambiwa.

Mtoto alizikwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Scola alikaa na mdogo wake kwenye mkeka siku zote za msiba, na kila alipofungua kinywa aseme, aliona kinywa hicho hicho ndicho kilichosoma. Kabula hakulia kwa sauti. Alikuwa akiuliza jambo moja tu, tena na tena, kwa kila mwanamke aliyekuja kumpa pole: "Yule bibi alijuaje?"

Swali likatoka mkekani likaenda kwa wanaume. Alijuaje? Bomba jipya, maji yamezinduliwa na Mwenge, yamesomwa mbele ya watu na serikali ni safi na salama, halafu bibi mmoja anasema yana kifo, na kifo kinakuja. Ukoo wa Masunga ulikwenda kwa nfumu mmoja upande wa Migato, naye, kama wafanyavyo waganga wa namna hiyo, akawarudishia walichokwenda nacho. Dagashida, baraza la jadi la kijiji, likaitishwa. Kila mtu alijua kinachofuata. Atatengwa kwanza, asisalimiwe, asipewe moto wala maji. Kisha, siku ambayo hakuna atakayekuwa ameipanga, watapita vijana wasiojulikana na mapanga. Nchi ile imezika bibi vizee wengi kwa sababu ya moshi wa jikoni, na aibu hiyo haijafika hata mara moja kwenye risala.

Scola alikwenda kwa Kwandu mchana, watu wakimwona. Alimkuta anakamua mbuzi.

"Mayu, mama yangu, uondoke," akamwambia. "Una mtoto Lamadi. Nenda kwake."

"Nikiondoka watasema nimekimbia. Watamfuata na yeye huko." Kwandu hakuinua kichwa. "Nililiona lile trekta, mwanangu. Niliwaambia wazee nimeliona. Wakasema nautukana Mwenge." Mikono yake ikasimama kwenye kiwele. "Wewe njia yako ya shule inapita lamboni. Wewe hukuliona?"

Scola alimjibu kwamba aliliona. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwuliza.

Salvatory alipopata habari kwamba Mwalimu atasema barazani, alimfuata mpaka kwake. Alikuwa amekonda. Hakuwa mtu mbaya sana, na hilo halikumsaidia yeyote.

"Mwalimu, fikiri. Ukisema vile, umesema wilaya imemdanganya Rais. Ndani ya risala ya utii. Mimi nitafungwa, wewe utafukuzwa. Na mtoto hatarudi. Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Na bibi?"

"Bibi nitamwombea ulinzi kituoni."

"Kama ulivyofunga bomba?"

Salvatory akatazama chini, akaondoka.

Dagashida ilikaa chini ya ukuta wa ghala la pamba, mahali penye kivuli cha asubuhi. Wanaume walikuwa wengi, wa sungusungu na filimbi zao shingoni, na wanawake walikaa kando. Kwandu alikalishwa katikati, peke yake, fimbo yake wameichukua. Masunga alieleza msiba wake kwa utulivu, maana alikuwa mtu mwenye heshima, na utulivu huo ndio uliotisha. Alipomaliza, Scola akasimama akaomba ruhusa.

Alisema yote. Trekta, lambo, vijana wawili, maneno ya mtendaji, kufuli. Alisema bibi huyu alijua kwa sababu aliona, na yeye mwenyewe aliona, na alisoma akijua. Alitegemea kelele. Hapakuwa na kelele. Mzee wa baraza alikuna kidevu chake.

"Mwalimu," akasema, "siku ile ulisimama mbele ya Mwenge. Baba yako alitufundisha hapa hapa kwamba neno la mbele ya Mwenge ni kiapo. Sasa unataka tuamini kwamba uliapa uongo?"

"Ndiyo, baba."

"Mtu anayeweza kuapa uongo mbele ya moto wa taifa, leo hapa mbele ya ghala atashindwa nini?" Alisema bila ubaya, kama mtu anayefundisha hesabu. "Una huruma. Unamwonea huruma bibi huyu, na huruma ni jambo jema. Lakini kati ya maneno yako mawili sisi tunachukua lile la kiapo."

Wanaume wakaitikia. Scola aliangaza huku na huku akimtafuta yeyote kati ya wale vijana wa trekta. Hawakuwepo. Walikuwa wamepata kazi ghafla Maswa. Salvatory naye aliugua asubuhi hiyo. Mzee akanyanyua mkono kutoa uamuzi, na Kwandu akajifunika uso kwa kanga.

"Anasema kweli."

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Kabula alikuwa amesimama. Tangu azike mwanawe watu hawakuwa wamemwona amesimama wima namna ile.

"Kaa chini, mama Mayala," Masunga akamwambia kwa upole.

"Sikai. Maji yalinuka ng'ombe." Alikuwa akizungumza na mumewe, si na baraza. "Nimezaliwa kwenye zizi, nimeolewa kwenye zizi, harufu ya lambo mimi siijui? Nilipofungua ndoo ndani ya nyumba niliinusa. Nikasema niyachemshe, kama dada alivyonifundisha, maana mtoto huyu sijawahi kumpa maji mabichi hata siku moja. Nikashika kuni. Halafu nikasema, Kabula, unachemsha nini? Hukumsikia dada yako? Amesoma mbele ya Mwenge ni safi na salama. Dada yangu hawezi kusoma uongo, ni mtoto wa Mwalimu Jeremia. Nikaziweka kuni chini. Mtoto akaja na kikombe chake, nikamchotea."

Masunga alikuwa amefumba macho.

"Bibi alinikataza pale bombani. Pua yangu ikanikataza nyumbani. Mimi nikamsikiliza dada." Akamnyooshea Kwandu mkono. "Mwacheni. Mkimgusa huyu mtakuwa mmenigusa mimi, maana niliyempa mtoto maji ni mimi."

Mama wa marehemu akisema hivyo, hakuna baraza linaloweza kuendelea. Mzee aliuliza kama ukoo una neno, na Masunga, bila kufumbua macho, akatikisa kichwa. Kijana mmoja wa sungusungu akaenda kuileta fimbo, akampa Kwandu kwa mikono miwili. Watu wakaanza kuondoka wawiliwawili, wakijikung'uta vumbi kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. Kuhusu Scola baraza halikusema kitu. Mzee alisema tu kwamba hilo ni la serikali, nao hawana adhabu ya mtu aliyesoma alichopewa.

Scola alimfuata mdogo wake mpaka nyumbani. Kabula hakumkataza wala hakumngoja. Alifika uani, akaanua nguo za mtoto zilizokuwa bado kambani tangu kabla ya msiba, moja moja, akazikunja. Scola alijua anatakiwa aombe msamaha, na alikuwa ameyaandaa maneno yake njia nzima, maneno mazuri. Aliyatazama yale mashati madogo, akaona aibu kwamba maneno ni mazuri.

"Kabula," akasema. "Mdogo wangu."

"Umefanya vizuri kusema, dada. Baba angefurahi." Kabula aliendelea kukunja. "Bibi wa watu angekatwa bure. Ningekaa kimya, naye angekatwa, na mimi ningekuwa nimejua. Kwa hiyo umefanya vizuri."

"Sikufanya vizuri. Ningesema siku ile—"

"Hukusema siku ile." Akaweka shati la mwisho juu ya mengine. "Nilikuwa na mchawi, unaelewa? Siku hizi zote nilikuwa naye. Usiku nikianza kuisikia ile harufu, namfikiria bibi Kwandu na macho yake, namchukia, namchukia, mpaka usingizi unakuja. Leo umeninyang'anya. Nitalala na nani sasa? Nikikuchukia wewe, ni mimi niliyekuamini. Nikijichukia mimi, bado nina mume wa kumpikia."

Scola akanyoosha mkono amguse bega. Kabula akarudi nyuma hatua moja, bila hasira, akazikumbatia zile nguo.

"Usinishike. Na usije kwa muda, dada. Ukija utaniambia jambo, labda jambo dogo tu, kwamba mvua itanyesha, na mimi nitakuamini, kwa sababu nimezoea. Sitaki."

Akaingia ndani akafunga mlango. Scola alibaki uani. Hakulia, kwani aliona kulia mahali pale ni kama kudai kitu. Jioni Masunga alirudi na ng'ombe, akawaingiza zizini, akafunga magogo ya lango, kisha akamsogelea akamwamkia kwa heshima zote za shemeji. Akamwambia giza linaingia, na njia ya kwenda kwake inapita lamboni, ni vizuri aanze kwenda.